Alizeti mwitu: mwongozo kamili wa kugeuza magugu ya kando ya barabara kuwa mbolea

Kuna mmea ambao mkulima wa Afrika Mashariki anaupita kila siku bila kuuhesabu kuwa mali. Una maua makubwa ya manjano, husimama kwenye kingo za barabara, mipakani mwa mashamba na katika viwanja vilivyoachwa, na ukiufyeka leo, baada ya majuma machache umerudi palepale. Wengi huuita alizeti mwitu au alizeti pori. Magharibi mwa Kenya utasikia Waluo wakisema maua makech na Waluhya maua amalulu. Maafisa ugani wamezoea kuuita tithonia, kwa kifupi cha jina lake la kitaalamu, Tithonia diversifolia.

Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kama pambo la bustani, ukatoka bustanini na kuenea wenyewe. Katika miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF, KEFRI na KARI (ambayo leo ni KALRO), taasisi za utafiti wa misitu na kilimo, waliokuwa wakifanya kazi Maseno, magharibi mwa Kenya, na katika mashamba ya Vihiga na Siaya walipima majani yake na kukuta kwamba kilo 1 ya majani makavu ina takriban gramu 35 za naitrojeni, gramu 3.7 za fosforasi na gramu 41 za potasiamu. Kwa naitrojeni, hicho ni kiwango cha majani ya miti ya jamii ya kunde inayosifiwa kwa kurutubisha udongo.

Ila kabla hujanoa panga, lishike hili: alizeti mwitu si jamii ya kunde. Haivuti naitrojeni hewani. Kila gramu iliyomo janini imetoka katika udongo ilipoota. Unapoikata na kuifukia shambani, unahamisha rutuba kutoka mahali pasipolimwa kwenda mahali panapolimwa. Mwenye kulielewa hilo atajua mwenyewe akate wapi, apeleke wapi, na kwa nini uzio uleule hauwezi kukatwa milele bila kuchoka.

Hakikisha ni yenyewe

Alizeti mwitu hufikia urefu wa mita 2 hadi 3, na pasipoguswa inaweza kukaribia 5. Ni mmea wa kudumu: shina lake la chini hukomaa likawa gumu, na kila likikatwa huchipua. Anza kwa kuangalia jani, maana maua ya manjano yako mengi. Jani la alizeti mwitu kwa kawaida limegawanyika katika ncha 3 hadi 5, lina meno madogo pembeni, ni kijani juu na lina ukijivu upande wa chini. Ukiliponda, vidole vinabaki na harufu kali na utomvu mchungu. Kichwa cha ua kina upana wa kati ya sentimita 5 na 15, na kikonyo chake hunenepa pale kinapoungana na ua, na ndani kiko wazi.

Usiichanganye na alizeti ya mafuta, ambayo huishi msimu mmoja, ina jani la umbo la moyo lisilogawanyika na mara nyingi hubeba kichwa kimoja kikubwa. Ndugu yake wa karibu, Tithonia rotundifolia, ana maua ya rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, naye hufa kila mwaka. Kwa mbolea unataka ile inayochipua.

Kuna pia mimea ya jenasi ya Senecio, ya ukoo huohuo, yenye maua madogo ya manjano, ambayo mingi ina sumu inayoharibu ini la mifugo. Kwa mbolea kosa hilo ni dogo. Kwa lishe ya mbuzi si dogo hata kidogo.

Chagua mahali pa kukata

Gharama ya mbolea hii iko mgongoni. Majani ni ya bure, ubebaji si wa bure. Kwa hiyo anza na kilicho karibu: mpaka wako, ukingo wa matuta ya kuzuia mmomonyoko, kisha mpaka wa jirani ukishamwomba. Uombe kweli. Alizeti mwitu ikishajulikana kijijini kuwa mbolea, ugomvi wa mipaka huanza kwa mzigo mmoja uliokatwa kimyakimya.

Kando ya barabara, kagua kwanza. Majani yaliyojikunja na kugeuka manjano ghafla, yakiwa yamezungukwa na nyasi zilizokauka, yanaweza kuwa yamepuliziwa dawa ya kuua magugu. Yaache. Mahali panapotupwa taka, betri na vyuma chakavu napo usipaguse, kwa sababu mbolea hii inakwenda kwenye mboga.

Pia usikate kwenye kingo za mito, kwenye makorongo wala kwenye miteremko mikali. Pale mizizi na majani yake ndiyo yanayoushika udongo, na faida ya mizigo michache haitalipa ukingo ulioporomoka.

Kukata

Kata kabla haijachanua. Machipukizi yakiwa laini na ya kijani kibichi ndipo virutubisho vimejaa majanini. Ikishachanua, majani ya chini hupukutika, shina hukomaa, na vichwa vya maua hubeba mbegu ambazo utakuwa umezipanda shambani kwa mkono wako mwenyewe. Ikiwa umechelewa na maua yamekwisha kufunguka, tenga vichwa vyote uviweke kando kabla ya kubeba.

Acha kisiki cha kama nusu mita. Ukikata chini sana, kinachelewa kuchipua na magugu mengine yanakiwahi. Rudi baada ya miezi 2 au 3, kutegemea mvua. Kukata uzio wote kwa siku moja si busara: gawa sehemu mbili au tatu, ukimaliza ya mwisho ya kwanza imeshachipua.

Chukua majani na ncha laini, zile zisizozidi unene wa penseli. Shina gumu halina virutubisho vya kutosha kulipa uzito wake, na likifukiwa huchelewa kuoza huku likinyang'anya mboga naitrojeni. Lianike upate kuni. Ukitaka kulitumia kama kijiti cha kushikilia nyanya, likaushe kabisa kwanza. Shina bichi likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi, na baada ya mwezi utakuwa na nyanya inayogombea nafasi na kijiti chake.

Majani yatumie siku hiyohiyo. Yakilundikwa usiku kucha ndani ya gunia la plastiki hupata joto na kuanza kuoza, na ile harufu ya mkojo unayoisikia ukifungua asubuhi ni naitrojeni inayokwenda hewani. Kama safari ni ndefu, yaache yanyauke saa chache kivulini; maji yanapungua na mzigo unakuwa mwepesi. Vaa mikono mirefu, kwa sababu vinyweleo vya shina huwasha baadhi ya watu, na unawe kabla ya kushika chakula. Uchungu ule hautoki kwa maji matupu.

Hesabu ya mzigo

Hapa ndipo miongozo mingi huteleza, kwa hiyo twende taratibu.

Majani mabichi ni maji kwa takriban asilimia 80. Kilo 5 mbichi zikikauka hubaki kilo 1. Kwa hiyo kilo 100 za majani mabichi ni kilo 20 kavu, ambazo ndani yake kuna gramu 700 za naitrojeni, gramu 820 za potasiamu na gramu 74 tu za fosforasi. Naitrojeni hiyo ni sawa na ile iliyomo katika kilo moja na nusu ya urea. Namba ya tatu iweke akilini, tutairudia kwenye mahindi.

Kiwango kilichotumika sana katika majaribio ya magharibi mwa Kenya ni tani 5 kavu kwa hekta. Maana yake ni tani 25 mbichi kwa hekta, au tani 10 kwa ekari. Mtu anayebeba kilo 25 kwa safari moja atakwenda na kurudi mara 400 kwa ekari moja. Mwongozo unaokuambia ufunike ekari nzima ya mahindi kwa alizeti mwitu umeandikwa na mtu asiyebeba mzigo.

Sasa geuza hesabu hiyohiyo kwenye bustani. Tani 25 kwa hekta ni kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mboga la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 linahitaji kilo 25, yaani mzigo mmoja. Tuta hilo likiwa na sukuma wiki au kabeji ya kuuza, jasho la mzigo mmoja linarudi. Ndiyo sababu mbolea hii inafaa kwa mboga zilizo karibu na nyumba kuliko kwa shamba la mbali.

Huna haja ya kupima kila safari. Jaza gunia au toroli lako kama unavyojaza siku zote, lipime mara moja kwa mizani ya kuning'iniza, kisha uende kwa idadi ya magunia. Pima tena msimu wa kiangazi, maana majani yaliyokatwa wakati wa jua kali ni mepesi kuliko ya wakati wa mvua.

Kwenye tuta la mboga

1. Katakata majani na ncha laini vipande vya sentimita 5 hivi, kwa panga juu ya gogo. Vipande vikubwa huacha mapengo ya hewa ndani ya tuta, na mizizi ya miche haipendi mapengo.

2. Chimbua tuta kwa kina cha sentimita 15, tandaza kilo 25 kwa kila mita 10 za mraba, kisha fukia mara moja. Yakiachwa juu ya udongo yanasaidia kama matandazo, lakini sehemu ya naitrojeni hupotelea hewani.

3. Kama mvua haijanyesha, mwagilia mpaka udongo uwe na unyevu wa kutosha kufinyangika. Majani hayaozi kwenye vumbi.

4. Subiri wiki moja kwa miche ya kupandikiza, na wiki mbili kwa mbegu ndogo zinazosiwa moja kwa moja, kama mchicha na karoti. Majani yanapooza hutoa joto, na mbegu changa hazilipendi.

5. Pandikiza jioni, kama kawaida yako.

Usizidishe huo muda wa kusubiri. Alizeti mwitu huoza upesi mno: katika udongo wenye unyevu na joto, karibu nusu ya naitrojeni yake inaweza kuwa imeachiliwa ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Samadi unaweza kuifukia mwezi mzima kabla ya kupanda. Majani haya ukiyafukia mwezi mzima kabla, mvua za masika zitakuwa zimeshasukuma naitrojeni chini, mahali ambapo mizizi ya mboga haitafika. Hiyo kasi ndiyo faida yake na ndiyo hatari yake.

Kasi hiyo ina upande mwingine. Kwa kuwa yanayeyuka haraka, hayaachi mabaki mengi ya kuujenga udongo. Udongo wako ukiwa wa kichanga, au mgumu na usioshika maji, utaendelea kuhitaji samadi au mboji. Nionavyo mimi, samadi mara moja kwa mwaka na alizeti mwitu kila msimu ni mpango bora kuliko kuchagua moja.

Baada ya wiki 4 au 5, mboga za majani zinazochumwa mara kwa mara zitaanza kupunguza kasi. Fukia mikono miwili ya majani yaliyokatwakatwa katikati ya mistari, kina cha jembe la mkono, mbali kidogo na mashina.

Maharage na kunde usizipelekee. Zinajitengenezea naitrojeni, na ukizizidishia utapata majani mengi na mapodo machache. Nyanya zipe, ila nusu ya kiwango, kwa sababu hiyohiyo. Potasiamu itakayobaki bado inazitosha kusaidia matunda.

Ukichimbua baada ya wiki tatu ukakuta mabonge meusi yanayonuka, umefukia kwa kina kirefu mno au udongo umejaa maji. Changua tuta lipate hewa. Miche ikiwa ya manjano na ndani ya tuta unaona vijiti vigumu, ulichukua shina lililokomaa.

Kwenye mahindi, na suala la fosforasi

Hata baada ya kukataa zile safari 400, mahindi hayajakosa njia. Weka majani shimoni badala ya kuyatandaza. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 10,800. Nusu kilo ya majani mabichi kwa shimo ni tani 5.4 kwa ekari. Bado ni kazi, kwa hiyo fanya robo ya ekari iliyo karibu na uzio, uone.

Nusu kilo hiyo itaipa ekari takriban kilo 38 za naitrojeni, ambayo ni zaidi ya iliyomo kwenye kilo 80 za urea. Fosforasi itakuwa kilo 4 tu. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya dukani ya DAP peke yake una kama kilo 10. Sehemu kubwa ya udongo wa magharibi mwa Kenya ina upungufu wa fosforasi, na udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma na aluminiamu huikamata ile kidogo iliyopo isipatikane kwa mizizi. Mahindi yenye njaa ya fosforasi huonyesha rangi ya zambarau kwenye kingo za majani yakiwa bado madogo. Ukiona hivyo, kuongeza alizeti mwitu hakutatosha.

Kwa hiyo changanya. Watafiti waliijaribu alizeti mwitu pamoja na mbolea ya TSP na pamoja na fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, Tanzania, na kuona kwamba majani yanayooza husaidia kupunguza ule ukamataji wa fosforasi. Angalia pia mfuko unaonunua. DAP ina fosforasi na naitrojeni. Ukishaweka nusu kilo ya majani kwa shimo, naitrojeni unayo, hivyo DAP ni kulipia kitu kimoja mara mbili. TSP ina fosforasi nyingi vilevile bila naitrojeni. Kifuniko kimoja cha soda, takriban gramu 5, kwa kila shimo hutumia kilo 54 kwa ekari.

Utaratibu wa shimo: chimba sentimita 15 hadi 20, weka majani yaliyokatwakatwa, funika kwa udongo wa vidole vinne, nyunyiza mbolea ya fosforasi, funika kidogo tena, ndipo uweke mbegu. Mbegu isigusane na mbolea wala na majani mabichi. Kama una nguvu kazi ya kuchimba mashimo na kuyajaza wiki moja kabla ya mvua ya kupandia, ni vizuri zaidi.

Migomba ni rahisi. Inapenda sana potasiamu, haisumbui kwa vipimo, na kwa kawaida iko karibu na nyumba. Chimba mfereji mfupi wa nusu duara, mita moja kutoka shina, upande wa juu wa mteremko. Jaza majani, hata na vijiti laini, kisha funika.

Mbolea ya maji

Hii ni kwa ajili ya kukuzia mboga zilizokwisha kushika, au kwa mwenye bustani ya magunia na ndoo asiye na pa kufukia.

Katakata kilo 20 za majani, yatie kwenye gunia la katani pamoja na jiwe, lifunge mdomo na ulitumbukize kwenye pipa lenye lita 100 za maji. Funika pipa bila kulibana, ili gesi itoke na mbu wasiingie. Kila baada ya siku mbili au tatu linyanyue gunia na kulizamisha tena mara kadhaa. Litanuka, na litanuka sana, kwa hiyo liweke upande ambao upepo hauelekei nyumbani, wala kwa jirani.

Baada ya wiki mbili, toa gunia. Mabaki yapeleke kwenye mboji. Maji yenyewe ni makali: changanya sehemu moja na maji safi sehemu tatu, mpaka yawe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Mwagia kwenye udongo kuzunguka shina, kama nusu lita kwa mche, kila baada ya wiki moja au mbili. Usinyunyizie majani yatakayoliwa. Ncha za majani zikiungua, ongeza maji.

Kwenye mboji

Kama una mabua ya mahindi yaliyokauka, alizeti mwitu ndiyo kichocheo chake. Panga tabaka: mabua yaliyovunjwavunjwa sentimita 20, alizeti mwitu sentimita 20, samadi kiasi, udongo wa juu kidogo, maji, kisha rudia mpaka kifuani. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku kadhaa kichomoe. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, mboji inafanya kazi, kikiwa kikavu, mwagilia. Pindua baada ya wiki tatu, kisha tena baada ya wiki tatu nyingine. Ndani ya miezi 2 au 3 itakuwa tayari. Hii ndiyo njia ya kutumia majani mengi yaliyopatikana wakati hupandi kitu.

Kuotesha uzio wako mwenyewe

Ukichoka kuomba majirani, panda, lakini panda mahali utakapoweza kusimamia.

Njia nyepesi ni pingili za shina. Chagua shina lililokomaa ila lisilozeeka, ukate vipande vya sentimita 20 hadi 40 vyenye macho kadhaa. Vichomeke siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, wima au kwa mshazari, theluthi mbili zikiwa chini. Kulaza pingili na kuifukia kama muwa hakufanyi vizuri hivyo. Wakati ni mwanzo wa mvua. Pingili zilizopandwa mvua zinapoisha mara nyingi huchipua, zikadanganya, kisha zikakauka.

Mbegu zinaota kwa shida zikifukiwa kwa kina. Ukizitaka, zisie juujuu, zifunike kwa udongo mwembamba na nyasi kidogo. Mara nyingi ni rahisi zaidi kung'oa miche iliyojiotea chini ya mimea mikubwa na kuihamisha.

Nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche inatosha kutengeneza uzio. Kutoka kwenye mstari wa mazao acha angalau mita moja, kwa sababu mizizi na kivuli chake vitapunguza mstari wa kwanza wa mahindi. Usikate kabla uzio haujashika vizuri na kukupita urefu. Kumbuka pia hesabu ya mwanzo: uzio uliopandwa ndani ya shamba lako unachukua rutuba ya shamba lako. Ukiona machipukizi yanapungua unene mwaka hadi mwaka, upe samadi au upumzishe msimu mzima.

Mbuzi, nyuki na kikombe cha dawa

Mbuzi huila wakishaizoea, ingawa uchungu huwasimamisha siku za mwanzo. Ina protini nyingi, lakini iwe sehemu ndogo ya lishe, ikichanganywa na nyasi, na iwe imenyauka kidogo. Nyuki huyatembelea maua yake, kwa hiyo mwenye mizinga anaweza kuacha kipande kimoja kichanue, mradi avikate vichwa kabla mbegu hazijakauka.

Watu wengi huchemsha majani yake kwa malaria na maumivu ya tumbo. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa dondoo zake zinaweza kuathiri figo na ini la panya. Malaria ina vipimo na dawa zinazojulikana. Nenda kituo cha afya, majani yabakie shambani.

Kuizuia isikushinde

Alizeti mwitu ni mmea vamizi. Afrika Kusini imeuorodhesha kisheria miongoni mwa mimea inayopaswa kudhibitiwa, na popote unapoachwa hufunika mimea ya asili chini yake isipate mwanga. Kuutumia kwa mbolea hakukupi ruhusa ya kuupeleka mahali ambapo haujafika, hasa karibu na misitu na hifadhi. Kama bonde lenu halina alizeti mwitu, tumia mmea mwingine.

Pale ilipo tayari, kukata kabla ya maua ndiyo nusu ya udhibiti. Kuiondoa kabisa, kata shina, kisha chimbua kisiki pamoja na mizizi yake minene; kukata tu kunaichochea. Mashina uliyoyang'oa usiyatupe kwenye udongo mbichi wala kwenye mfereji wa maji, kwa maana yatatoa mizizi hukohuko. Yalaze juu ya mawe au bati mpaka yavunjike kwa mlio. Mvua inayofuata, miche itatokea kutokana na mbegu zilizobaki ardhini. Ing'oe kwa mkono ikiwa bado na majani manne, udongo ukiwa umelowa. Inatoka na mzizi wote.